Kufuli la Herufi na Kufuli la Namba

Somo letu la leo ni habari ya maandishi ya siri: jinsi watu wanavyoyaficha, na jinsi wengine wanavyoyafichua. Kila mmoja awe na kalamu na karatasi. Mwalimu wa darasa naomba aandike ubaoni herufi zetu kwa mpango wake, kuanzia A mpaka Z, lakini aziache Q na X, maana katika maneno ya Kiswahili hatuzihitaji. Mkizihesabu mtapata herufi 24.

Elimu hii huitwa kriptografia. Hufundishwa katika vyuo vikuu pamoja na hisabati na takwimu, na vitabu vyake ni vinene, vimejaa alama ngeni. Lakini msiogope. Mlango wa kuingilia elimu hiyo ni mdogo. Ajuaye kusoma na kuhesabu aweza kuupita, nanyi mnajua yote mawili. Tena jambo hili linawahusu. Kila mwenye fedha katika simu yake ana siri ya kutunza, na asiyejua jinsi siri inavyofichuliwa hajui namna ya kuilinda.

Fumbo la zamani

Tuanze na Julius Caesar, jemadari wa Roma, aliyeuawa mwaka 44 kabla ya Kristo. Alipotaka kuandika habari za siri, hakuandika herufi yenyewe, bali aliandika ile iliyo mbele yake kwa hatua tatu. Penye A aliandika D. Penye B aliandika E. Basi nasi tufanye vivyo hivyo kwa herufi zetu 24. Mkifika mwisho wa mstari, rudini mwanzo: W inakuwa A, Y inakuwa B, na Z inakuwa C.

Tuseme kuna chama cha kuweka na kukopa, na katibu anataka kumpelekea mwenyekiti habari hii: FEDHA ZA CHAMA ZIKO KWA MAMA ASHA. Hataki mchukuzi wa barua ajue fedha ziko wapi. Kwa njia ya Caesar ataandika hivi:

IHGKD CD FKDPD CLNS NAD PDPD DVKD

Mwalimu, yaandike maneno hayo ubaoni. Je, kuna mtu awezaye kuyasoma? Kwa macho tu, hapana. Katibu atalala usingizi akidhani siri yake iko salama. Sasa tumwonyeshe kwamba haiko salama.

Kuhesabu kunavyofichua

Hesabuni kila herufi imeonekana mara ngapi katika mstari ule. Maandishi yote yana herufi 27. Mtaona K imeonekana mara 3, na P mara 3. C na N zimeonekana mara 2 kila moja. Lakini D imeonekana mara 9, yaani theluthi moja ya herufi zote! Kwa nini D imezidi wenzake?

Fungueni kitabu chenu cha kusomea, ukurasa wowote, mhesabu herufi za mistari mitano. Mtakuta kwamba katika Kiswahili herufi A ndiyo inayozidi nyingine zote. Ni desturi ya lugha yetu. Basi tukiona D imezidi katika fumbo, tunashuku kwamba D ni A iliyovaa nguo nyingine.

Wekeni A mahali pa D, kisha litazameni neno la sita, PDPD. Sasa linasomeka hivi: herufi fulani, A, herufi ile ile, A. Ni maneno gani ya Kiswahili yenye umbo hilo? Mama, baba, kaka, dada, sasa. Si mengi. Tena kutoka A mpaka D ni hatua tatu. Jaribuni kurudisha kila herufi nyuma hatua tatu, na barua yote itafunguka. Mchukuzi wa barua amekwisha kujua fedha ziko kwa Mama Asha.

Huenda mtu akasema, “Katibu alikuwa mvivu. Njia ya hatua ziko 23 tu, mtu aweza kuzijaribu zote kwa jioni moja. Angezichanganya herufi bila mpango wowote, nani angejua?” Ni swali zuri. Njia za kuzichanganya herufi 24 ni nyingi mno, hata hesabu yake ni namba yenye tarakimu 24. Hakuna mtu awezaye kuzijaribu zote kwa mkono hata akipewa maisha elfu. Lakini mwenye kuhesabu hana haja ya kuzijaribu. Kama barua ni ndefu ya kutosha, herufi inayozidi itajulikana, na inayofuata, na inayofuata tena. Mavazi yamebadilika, lakini mwendo ni ule ule.

Mtu ambaye kitabu chake ndicho cha zamani kuliko vyote tunavyovijua juu ya njia hii ni al-Kindi, mwanachuoni aliyeandika kwa Kiarabu katika mji wa Baghdad, katika karne ya 9. Alifundisha hivi: chukua maandishi ya kawaida ya lugha ile ile, uhesabu herufi zake, uzipange kutoka ile inayozidi mpaka ile iliyo haba. Kisha zihesabu alama za fumbo, uzipange vivyo hivyo. Halafu zilinganishe. Kukusanya hesabu za mambo mengi ili kuona desturi yake ndiko tunakoita takwimu. Kwa hiyo takwimu si kazi ya kuhesabu watu na mazao peke yake. Yaweza pia kufungua barua ya siri.

Liwekeni akilini jambo hili, maana tutalirudia: penye desturi, mwenye kuhesabu hupata njia.

Siri iwe katika ufunguo

Kwa karne nyingi watu walidhani usalama ni kuificha njia yenyewe. Lakini njia ikitumiwa na watu wengi haikosi kujulikana. Askari mmoja akikamatwa, au mwandishi mmoja akihongwa, yote yamekwisha. Mwaka 1883 mwalimu mmoja aliyekaa Ufaransa, Auguste Kerckhoffs, aliandika kwamba njia nzuri ni ile ambayo hata adui akiijua haimsaidii kitu, maadamu hana ufunguo.

Fikirini kufuli la dukani. Kila fundi anajua linavyofanya kazi. Makufuli ya namna hiyo yameuzwa maelfu kwa maelfu. Hata hivyo mlango wako hauwezi kufunguliwa nayo, kwa kuwa ufunguo wako ni wako peke yako. Siri haimo katika chuma, imo katika ufunguo.

Kufuli la namba

Bado ilibaki taabu moja kubwa. Kama mimi na wewe tuko mbali, na hatujaonana kamwe, nitakupaje ufunguo? Nikiupeleka kwa barua, mchukuzi ataunakili. Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walitangaza jawabu. Tuseme nawagawia watu wote makufuli yangu yakiwa wazi, nami naubakiza ufunguo. Yeyote atakaye kuniletea kitu atakitia sandukuni, atalibana kufuli, na atalituma sanduku. Kulibana hakuhitaji ufunguo. Kulifungua kunauhitaji, nao haukutoka mfukoni mwangu.

Kufuli la namna hiyo hutengenezwaje? Si kwa chuma, bali kwa namba. Mwaka 1977 wataalamu watatu huko Marekani, Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, walipata njia ya kutumia namba tasa. Namba tasa ni namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama vile 2, 3, 5, 7, 11 na 13.

Zidisheni 47 kwa 59. Kazi hiyo ni ya dakika moja, na jibu ni 2773. Sasa mwendeeni jirani asiyesikiliza redio, mmwulize, “Ni namba tasa zipi mbili zikizidishwa zinaleta 2773?” Atajaribu 2, haigawi. Atajaribu 3, haigawi. Atajaribu 5, 7, 11, na kuendelea. Akizifuata kwa mpango, zitakataa namba tasa 14, ndipo ya 15, nayo ni 47, ikubali. Kwenda ni rahisi, kurudi ni taabu. Hilo ndilo kufuli: ile 2773 hutangazwa kwa watu wote, lakini 47 na 59 hukaa kwa mwenyewe.

Bila shaka 2773 ni namba ndogo. Mwaka 1977 huo huo gazeti la Marekani liitwalo Scientific American lilichapisha namba yenye tarakimu 129, na zawadi ya dola 100 ikawekwa kwa atakayelifungua fumbo lake. Zawadi ile ilikaa miaka 17. Mwaka 1994 tu watu wapatao 600 waliojitolea, wakiunganisha nguvu za mashine zao za kompyuta, waliipasua namba ile. Siku hizi makufuli ya namna hii hutumia namba zenye tarakimu zaidi ya 600, nayo hutumika kulinda habari nyingi zipitazo katika intaneti.

Mwizi haendi kwenye kufuli

Sasa turudi nyumbani. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, watu wengi wa Afrika Mashariki huweka fedha katika simu, na kila mmoja ana namba yake ya siri. Kama namba hiyo ina tarakimu nne, namba ziwezazo kuchaguliwa ni 10 mara 10 mara 10 mara 10, yaani 10,000. Ni nyingi za kutosha kumchosha mwizi, hasa kwa kuwa akikosea mara chache tu hufungiwa.

Lakini kumbukeni fundisho la al-Kindi. Mwizi hahangaiki na namba zote 10,000. Huhesabu desturi za watu. Anajua wengi huchagua mwaka wa kuzaliwa. Kutoka 1950 mpaka 2009 ni miaka 60 tu. Na kama anakufahamu na kukisia umri wako, haifiki hata kumi. Wengine huchagua 1234, au tarakimu moja mara nne. Hao wamenunua kufuli zuri, kisha wameuweka ufunguo chini ya mkeka wa mlangoni.

Na mwizi mwingine haoni haja hata ya kukisia. Hupiga simu, akajiita mfanyakazi wa kampuni, akasema fedha zimetumwa kwako kwa makosa, au umepata zawadi, basi mtajie namba yako aitengeneze. Msimpe. Kampuni haihitaji namba yako ya siri ili ifanye kazi yake. Hesabu za wataalamu wote niliowataja haziwezi kumlinda mtu aliyetoa ufunguo kwa mkono wake mwenyewe.

Basi shikeni mambo mawili. La kwanza, chagueni namba isiyofuata desturi: si mwaka, si tarehe, si namba zinazofuatana. La pili, ikaeni nayo moyoni. Mtu akikuomba namba hiyo, huyo hakuja kukusaidia, hata akikuita mama au mzee kwa heshima zote.

Maswali ya kujibu

1. Hesabuni herufi za mistari mitano ya kitabu chenu. Ni herufi gani inayozidi? Ni ipi inayofuata?
2. Kwa nini kuzichanganya herufi bila mpango hakutoshi kuficha barua ndefu?
3. Namba 143 ni zao la namba tasa mbili. Zitafuteni.
4. Someni fumbo hili kwa kurudi nyuma hatua tatu, kisha mwandike jawabu lake kwa herufi kubwa: YVLPTH PWY RDPED BDNS

Atakayelipata jawabu la swali la nne awasomee watu wa nyumbani kwake. Kwaherini.