Nyayo za Wanyama Juu ya Ramani ya Malale: Kanzidata Nyepesi Mkoani Katavi

Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na Mpanda ikawa makao yake makuu. Kusini mwa mji huo, baada ya Sitalike, iko Hifadhi ya Taifa ya Katavi yenye ukubwa wa kilometa za mraba 4,471: misitu ya miombo, mbuga za Katavi na Chada, na Mto Katuma ambao wakati wa kiangazi husinyaa hata kubaki madimbwi yaliyosongamana viboko. Kandokando ya hifadhi wanaishi wakulima, warina asali na wafugaji. Katika miombo hiyo hiyo yumo mbung'o, naye ndiye mwenezaji wa malale.

Malale ya upande huu wa Afrika husababishwa na kimelea kiitwacho Trypanosoma brucei rhodesiense, ambacho hujificha ndani ya wanyamapori na ng'ombe bila kuwadhoofisha sana. Binadamu huumwa akipita katika njia zao. Dalili za kwanza kwa kawaida hujitokeza ndani ya wiki moja hadi tatu, na mgonjwa asiyetibiwa hufariki, mara nyingi baada ya miezi michache tu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza fexinidazole, dawa ya kumeza, kwa matibabu ya aina hii ya malale. Hata hivyo dawa haimfai mtu ambaye homa yake imedhaniwa kuwa malaria. Kwa hiyo kujua ni vitongoji vipi vichunguzwe mwanzo ni suala la uhai.

Taarifa za kujibu swali hilo huwa zimegawanyika. Rejesta ya zahanati humtaja mgonjwa, kijiji chake na tarehe aliyofika. Wahifadhi nao wana orodha za kola za GPS zinazofungwa shingoni mwa wanyama, kila mstari ukionyesha mnyama alikuwa wapi na saa ngapi. Orodha hizo mbili haziketi katika chumba kimoja, na hakuna haja ya mtambo wa gharama kuzikutanisha. Kanzidata ndogo kama SQLite, ambayo ni ya bure na hukaa katika faili moja ndani ya kompyuta ya kawaida, inatosha. Na QGIS, programu nyingine ya bure, huchora matokeo yake juu ya ramani, tabaka juu ya tabaka.

Kola inayotoa taarifa kila saa huzalisha mistari 8,760 kwa mwaka. Kanzidata huihifadhi katika jedwali moja, wagonjwa katika jingine, kisha huulizwa swali: ni nukta zipi za wanyama zilizokuwa ndani ya kilometa tano kutoka kijiji cha mgonjwa, katika siku 21 kabla ya homa kuanza? Hapa Katavi imejaliwa na jiografia. Kwa kuwa iko karibu na ikweta, digrii moja ya latitudo na digrii moja ya longitudo zote ni takriban kilometa 111, hivyo umbali hupatikana kwa kanuni ya pembetatu mraba ya shule ya sekondari. Mtafiti wa Ulaya hana anasa hiyo.

Ugumu uko katika mambo yanayoonekana madogo. Mpanda iko karibu na latitudo -6.34 na longitudo 31.07. Karani akisahau alama ya kutoa, tembo wa Katavi huhamia Sudan Kusini. Akibadilisha nafasi za namba hizo mbili, hutokea Moroko. Makosa ya namna hiyo angalau hujitangaza yenyewe. La hatari zaidi ni la saa. Kola nyingi huandika saa ya dunia, iliyo nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa tatu, ilhali mgonjwa husema kwa saa za Kiswahili. 18:30 ya kola ni saa tatu na nusu usiku, si saa kumi na mbili na nusu jioni; na mbung'o huuma zaidi mchana. Tarehe nazo: 03/05 ni tarehe 3 Mei, kiangazi kikianza, au 5 Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha?

Ramani ikishachorwa vizuri hushawishi kupita kiasi. Nukta ya mgonjwa huonyesha anapolala, wakati mrina asali huenda aliumwa mwendo wa siku mbili kutoka kwake. Wanyama wenye kola ni wachache, na mara nyingi ni tembo, ilhali mbung'o wa miombo hupenda pia damu ya ngiri na nyati ambao hakuna aliyewafunga kitu. Wala ng'ombe wasiachwe nje ya jedwali. Mwishoni mwa mwaka 1998 malale yalizuka wilayani Soroti, Uganda, mahali ambapo hayakuwa yamezoeleka. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2001 ulionyesha kuwa walioishi karibu na mnada wa mifugo walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Ng'ombe walikuwa wameletwa kutoka maeneo yenye ugonjwa. Kwa Katavi, ambayo imepokea wafugaji wengi na mifugo yao, jedwali la minada na njia za mifugo pengine lina thamani kuliko kola kumi za tembo.

Kuna pia suala la nani aione ramani. Njia za tembo ni hazina kwa jangili, kwa hiyo nukta mpya hazisambazwi hadi mnyama awe ameshahama. Mgonjwa anahitaji ulinzi uleule, maana katika kitongoji cha kaya chache nukta moja ni sawa na kutaja jina. Njia nyepesi ni kupunguza tarakimu kabla ya kuchora: -6.3437 huandikwa -6.34, na nyumba hupotea ndani ya mraba wa takriban kilometa moja, kijiji kikibaki kinaonekana kwa atakayepeleka mitego ya mbung'o.