Butembo: Ebola iliacha somo kwa wenye kuongoza miradi

BUTEMBO – Katika mji wa Butembo, jimbo la Kivu ya Kaskazini, neno «mradi» limezoeleka masikioni mwa watu. Kuna mradi wa maji, mradi wa shule, mradi wa lishe, mradi wa vijana. Komine ya Bulengera ni kama komine zingine tatu za mji, Kimemi, Mususa na Vulamba: wakaaji wanajua kibao chenye alama za wafadhili na siku ya uzinduzi yenye hotuba. Wanajua pia fasi ambako kibao kilibaki kimesimama wakati kazi yenyewe haionekani tena.

Kuongoza mradi ni kazi yenye elimu yake, na vijana wengi wenye diploma wanaitafuta katika mashirika. Lakini mara nyingi inafikiriwa kuwa ni kazi ya kuandika ombi la pesa, kisha kupeleka ripoti. Historia ya karibu ya Butembo inafundisha mengine. Mradi unaweza kuwa na pesa, dawa na wataalamu, na bado ukakwama kwa sababu wale unaowahusu hawakuulizwa kitu mapema.

Mradi ni nini?

Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, inayofanywa ili kupata kitu ambacho hakikuwako. Kufundisha watoto kila siku si mradi. Kujenga madarasa 6 kabla ya mwezi wa 9 ni mradi. Mfanyabiashara wa Butembo anayeagiza kontena ya mali kutoka Asia anafanya hesabu za namna hiyo bila kuziita jina: mali gani, kwa bei gani, itafika lini, na nini kitatokea kama barabara imekatika.

Elimu hiyo ilijengwa polepole. Mwanzoni mwa karne ya 20, mhandisi Mmarekani Henry Gantt alieneza jedwali linaloonyesha kila kazi na siku zake. Hata leo jedwali hilo linaitwa kwa jina lake. Mwaka 1969, taasisi ya kitaaluma ya wasimamizi wa miradi, PMI, ilianzishwa Marekani, na mwaka 1996 ikatoa chapa ya kwanza ya kitabu chake cha mwongozo. Kitabu hicho kilipanga kazi katika makundi matano: kuanzisha, kupanga, kutekeleza, kufuatilia na kufunga.

Kila mwanafunzi wa fani hii anafundishwa pia mambo matatu yanayovutana: ukubwa wa kazi, muda na gharama. Ukiongeza madarasa mawili juu ya yale 6, lazima uongeze pesa au siku. Atakayekataa vyote viwili atapata kuta mbovu.

Lakini kuna jambo la nne ambalo haliandikwi kwa urahisi katika jedwali: watu.

Pesa ziko, imani haiko

Tarehe 1 Agosti 2018, serikali ya Congo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Ulianzia upande wa Mangina, ukafika Beni, kisha Butembo na Katwa. Mwanzoni mwa mwaka 2019, Butembo na Katwa ndizo zilikuwa kitovu cha ugonjwa. Wakaaji wa Bulengera waliona msururu wa magari, mahema ya matibabu na timu za chanjo.

Kwa upande wa ufundi, mengi yalikuwa tayari. Chanjo ilikuwako, maabara zilikuwako, wataalamu walitoka sehemu nyingi za dunia. Kilichokosekana kilionekana mapema. Mwezi Septemba 2018, watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Karibu mtu 1 kati ya 4 alisema haamini kwamba ugonjwa huo ni wa kweli. Wale walioamini viongozi wa mahali hawakufika hata theluthi moja. Matokeo yalichapishwa mwezi Machi 2019 katika jarida la Lancet Infectious Diseases.

Kwa lugha ya fani hii, hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Hatari haimaanishi tu mvua au barabara mbovu. Inamaanisha pia kwamba yule unayetaka kumsaidia atafunga mlango.

Na wakaaji walikuwa na sababu zao. Tangu Oktoba 2014, watu wa eneo la Beni walikuwa wakiuawa kwa mapanga na risasi, na hawakuona msaada ukija kwa haraka ya namna ile. Mwaka 2019 surua ilianza kuua watoto nchini kote. Ilipofika Januari 2020, vifo vilikuwa vimepita 6 000. Mwisho wa Desemba 2018, tume ya uchaguzi CENI iliahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama mdogo, wakati rais mpya aliapishwa Januari bila kura za miji hiyo. Wengi wakasema Ebola ni siasa. Wengine, wakiona magari ya kukodi na posho, wakasema ni biashara.

Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha matibabu cha Katwa kilishambuliwa. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya kile cha Butembo. Shirika la Waganga Wasio na Mipaka, MSF, likasimamisha kazi zake katika vituo hivyo. Tarehe 19 Aprili, Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyefanya kazi na Shirika la Afya Duniani, OMS, aliuawa katika hospitali ya chuo kikuu cha Graben, hapa Butembo. Si kila shambulio lilitokana na hasira ya wakaaji, kwa maana eneo hili lina makundi mengi ya silaha. Lakini kila mara timu ziliposimama, ugonjwa ulipata siku za kuenea.

Nani anaamua, nani anajibu?

Msingi mwingine wa fani hii ni kujua mapema nani anaamua na nani anamjibu nani. Mwezi Julai 2019, Rais Félix Tshisekedi aliweka uongozi wa mapambano mikononi mwa kamati ya wataalamu chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtafiti aliyekuwa kati ya watu wa kwanza kuchunguza Ebola huko Yambuku mwaka 1976. Waziri wa afya, Dkt. Oly Ilunga, alijiuzulu siku chache baadaye. Mpango mpya wa miezi sita uliofuata haukuhesabu wagonjwa na chanjo tu. Uliweka pia usalama, mazungumzo na jamii, na msaada kwa maeneo yaliyoguswa. Yaani mipaka ya mradi ilichorwa upya, karibu mwaka mzima baada ya kazi kuanza.

Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020: wagonjwa 3 470, vifo 2 287. Zaidi ya watu 300 000 walichanjwa. Bila chanjo na bila kazi ya waganga wa mahali, msiba ungekuwa mkubwa zaidi.

Hata hivyo, deni lingine lilibaki. Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na OMS ilitoa ripoti juu ya unyanyasaji wa kingono wakati wa mapambano hayo. Ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao waliajiriwa na OMS. Wanawake wengi walisimulia kwamba waliahidiwa kazi. Mradi unaoajiri watu wengi kwa haraka, bila njia salama ya kupeleka malalamiko, unaweza kuumiza wale wale uliokuja kuwalinda.

Mara ya pili, miezi mitatu

Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilirudi katika eneo la Butembo. Safari hii mamlaka ya afya ya jimbo iliongoza, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na watu wa hapa waliokwisha kufundishwa. Chanjo ilianza katika muda wa siku chache. Tarehe 3 Mei mlipuko ulitangazwa kwisha: wagonjwa 12, vifo 6.

Milipuko hii miwili haifanani kwa kila kitu. Ule wa pili ulikuwa mdogo tangu mwanzo, na hali ya mji ilikuwa tofauti. Lakini jambo moja linaonekana: kile mradi wa kwanza ulichokiacha, yaani ujuzi katika vichwa vya wauguzi na waganga wa mahali, ndicho kilichosaidia wakati magari ya wageni yalikuwa yamekwisha kuondoka.

Hapo ndipo hatua ya kufunga, ile inayosahauliwa sana, inaonyesha maana yake. Kufunga mradi si kukata utepe. Ni kukabidhi ufunguo, daftari, vyombo na ujuzi kwa mtu anayejulikana. Tangu Januari 2025, Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa wa misaada ya kiutu nchini Congo, ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake, na shirika lake la USAID likafungwa rasmi Julai ya mwaka huo. Mradi ambao haukupanga siku ya kuachiana na mfadhili unaweza kusimama kwa barua moja.

Maswali ya kuuliza kabla ya uzinduzi

Misingi hii haihitaji kompyuta. Kamati ya bomba la maji katika kartie moja ya Bulengera inaweza kuitumia kwa daftari na kalamu. Nani aliomba maji haya, na kina mama wanaoyachota waliulizwa bomba liwekwe wapi? Ni mabomba mangapi, na ni nini ambacho mradi hautafanya? Zitatumika pesa ngapi, na nani anaweza kuona hesabu? Mwenye malalamiko atayapeleka kwa nani, bila kumpitia yule anayemlalamikia? Na bomba likivunjika mwaka mmoja baada ya mfadhili kuondoka, nani atanunua kipuri, kwa pesa gani?

Kama siku ya uzinduzi hakuna mtu anayeweza kujibu swali la mwisho, mradi huo haujawa tayari kuanza, hata kama pesa zimekwisha kuingia benki. Ni afadhali kuchelewa wiki mbili kwa kuwasikiliza wakaaji kuliko kuja kuwaomba radhi baada ya mwaka.