Trekta kuukuu laweza kupasua ardhi iliyokaza

MAHINDI yanayonyauka wiki moja tu baada ya mvua kukatika si lazima yawe yamekosa mbolea. Mara nyingi tatizo liko chini ya miguu ya mkulima. Sentimita 15 hadi 25 kutoka juu huwa kuna tabaka gumu ambalo mizizi haipenyi na maji hayapiti. Mvua ikinyesha, maji hutiririka juu na kuondoka na udongo, huku chini kukibaki kukavu.

Tabaka hilo hutokana na jembe la mkono au plau kupita kina kilekile kila msimu. Penye mifugo, kwato nazo hushindilia. Waliorejea Rwanda baada ya mwaka 1994 na kupata ardhi Umutara wanaijua hali hiyo. Sehemu kubwa ya ardhi yao ilitoka Hifadhi ya Akagera, ambayo mwaka 1997 ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu, na waliingia pamoja na makundi makubwa ya ng'ombe.

Dawa yake ni sabsoila, yaani jembe la mguu mmoja mrefu linalopasua chini bila kupindua udongo. Ng'ambo ya mpaka, huko Babati, Tanzania, wakulima walianza kulitumia katika miaka ya 1990. La kiwandani ni ghali, lakini fundi mzuri wa kuchomelea, awe wa Katwe jijini Kampala au wa Gerezani jijini Dar es Salaam, anaweza kulitengeneza. Hata Massey Ferguson 135, trekta la miaka ya 1960 lenye nguvu za farasi 45 hivi, laweza kuvuta mguu mmoja.

Kwanza pima shamba

Kabla ya kununua chuma, chukua nondo ya milimita 12 uisukume ardhini siku chache baada ya mvua. Ikikwama ghafla, pima kina. Kisha chimba shimo dogo utazame mizizi. Ikiwa imepinda na kwenda pembeni, tabaka lipo. Ikiwa inashuka vizuri, usitupe fedha yako.

Vipimo vya chuma

Mguu ukatwe kwenye chuma bapa chenye unene wa milimita 25, upana wa sentimita 15 na urefu wa sentimita 90. Sentimita 60 ziwe chini ya fremu. Jani la springi ya lori halifai kuwa mguu kwa sababu ni jembamba na hupinda. Lakini hufaa sana kuwa ncha, kwa kuwa ni gumu na haliliki haraka.

Ncha iwe na upana wa sentimita 7 na ilale kwa nyuzi 20 hadi 25 kutoka usawa wa ardhi. Upana huo una sababu yake. Sabsoila hupasua udongo vizuri hadi kina cha mara tano au sita ya upana wa ncha. Ukizidisha hapo, inakata mfereji tu, na dizeli inapotea.

Chuma cha springi hupasuka kikichomelewa kikiwa baridi. Kipashwe moto kwanza, zitumike fimbo za kuchomelea aina ya 7018 zilizo kavu, kisha kifukiwe kwenye majivu makavu kipoe polepole.

Mguu ushikwe na bolti mbili kati ya mabamba mawili ya fremu. Ya kwanza ni nene, milimita 24, ambayo mguu unazungukia. Ya pili, sentimita 20 kutoka hapo, ni ya kawaida ya milimita 12. Hii ndogo imewekwa ili ikatike mguu unapogonga jiwe au kisiki. Wengi huchoka kuibadilisha, wakaweka ngumu ya 8.8. Siku hiyo kinachovunjika si bolti tena, ni mikono ya trekta.

Pini za chini za trekta dogo huwa za milimita 22 na ya juu milimita 19. Hata hivyo, pima trekta lako, kwani mengi yameshabadilishwa.

Shambani

Kazi hii ni ya kiangazi. Kwa Umutara, Julai na Agosti ndiyo miezi yake, kabla ya mvua za Septemba. Udongo ukiwa mbichi haupasuki, unasiribwa kama ukuta. Pita mara ya kwanza sentimita 25, ya pili 35 au 40, mradi uvuke tabaka kwa sentimita tano. Mistari iachane sentimita 75, na mahindi yapandwe juu yake. Penye mteremko, fuata kontua.

Jaza maji robo tatu ya matairi ya nyuma na uweke uzito mbele. Inua mguu kabla ya kukata kona. Na trekta likikwama, usifunge mnyororo kwenye ekseli au juu yake. Pua huinuka na trekta likampindukia dereva. Hilo limeua watu.

Baada ya hapo, usirudishe plau. Panda mbaazi au ngwara kati ya mahindi, mizizi yake iendelee kuifungua ardhi.

Kwa wafanyabiashara

Wanaovuka Rusumo na Kagitumba wana soko hapa: ncha za akiba, pini, bolti za milimita 12 na fimbo za 7018. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, isiyozidi thamani ya dola 2,000, inaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasilia kinachopatikana mpakani. Lakini jihadhari na chuma chakavu kisicho na risiti. Vipande vya reli na nguzo za umeme ni mali ya umma, na anayekutwa navyo hupoteza mzigo, pengine na uhuru wake.