Mvua Inanyesha Mlimani: Tuyajue Majira ya Uvira
Somo la kusoma nyumbani: Luka 12:54-56

 

Katika somo letu, Bwana Yesu anasema na watu waliojua kusoma mbingu. Wakiona wingu magharibi walijua mvua inakuja. Hakuwalaumu kwa ujuzi huo. Aliwalaumu kwa kuwa waliona hayo, lakini wakati wenyewe waliokuwa nao hawakuutambua. Basi sisi wa Uvira tujiulize: je, tunausoma wakati wetu? Kule Israeli, magharibi ni bahari. Kwetu bahari ya Tanganyika iko mashariki, na magharibi ni mlima. Wingu letu la kuogopa liko mlimani.

Mwaka wetu una sehemu mbili

Uvira iko kusini ya ikweta, karibu digrii 3 na nusu. Jua linapokwenda kusini, mkanda mkubwa wa mawingu ya mvua hulifuata na kupita juu yetu. Kwa hiyo mvua huanza Septemba mwishoni au Oktoba, na wakulima huanza msimu A. Januari au Februari mvua hupungua kidogo, miaka mingine tusiione tofauti. Kisha mkanda ule hurudi kaskazini, na Machi na Aprili mvua hupata nguvu. Huo ni msimu B.

Kuanzia Juni mawingu yako mbali kaskazini. Upepo mkavu wa kusini-mashariki unavuma ziwani, vumbi linapanda bondeni, usiku wa Julai tunatafuta blanketi. Ndicho kiangazi. Septemba joto linazidi, nasi tunajua mvua iko karibu.

Teritware moja, hewa mbili

Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Lakini milima ya Mitumba iliyo nyuma ya mji inapanda hadi kupita mita 3000. Mchana upepo hutoka ziwani ukiwa na unyevu, ukapanda mlima, ukapoa, ukawa wingu. Ndiyo maana huko juu mvua ni nyingi na ukungu haukosi, lakini bonde la Ruzizi, lililo chini katikati ya milima ya Kongo na ya Burundi, kwa kawaida halipati hata milimita 1000 kwa mwaka. Mkulima wa mpunga kule Luberizi au Sange anategemea maji ya mfereji, na maji hayo yanatoka mlimani.

Hapa ndipo neno letu la leo lilipo: mvua inayotuua mjini mara nyingi hainyeshi juu ya vichwa vyetu. Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira ni mito mifupi yenye mteremko mkali. Mvua kubwa ikinyesha juu, maji hayana mahali pa kutulia. Yanashuka na mawe, udongo na magogo, na kwa muda mfupi yako kwenye nyumba zetu. Mtu anaweza kulala mjini bila tone juu ya bati lake, na mto ukamfikia.

Na mlima wenyewe tumeuvua nguo. Miti imekwenda kwenye makala, na nyasi zinachomwa kila kiangazi. Mvua ya kwanza inakuta udongo mtupu usioweza kunywa maji.

Hatujasahau usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, siku chache baada ya Pasaka. Mulongwe ulitoka njia yake. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Aprili ndio wakati udongo wa mlimani umeshashiba maji ya miezi mingi.

Ziwa nalo lina mwendo wake. Hupanda polepole mpaka karibu na Mei, kisha hushuka mpaka mvua mpya. Mto wa kulitoa maji ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Maji mengi zaidi huondoka kwa kukaushwa na jua. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka kadhaa, ziwa halina haraka ya kushuka. Mwaka 2024 liliingia katika nyumba nyingi za pwani. Mtu asidanganyike kujenga mahali palipo pakavu mwezi wa Oktoba tu.

Imani si kubaki ndani

Wengine walisema waliokufa walikuwa na dhambi kuliko sisi. Yesu alikwisha kulijibu jambo hilo katika Luka 13, aliposema juu ya mnara wa Siloamu. Tusiwaumize wafiwa mara ya pili. Na wengine wanafundisha kwamba mwenye imani akisikia mto atabaki ndani aombe. Wapendwa, Nuhu alikuwa mtu wa imani, naye alijenga safina kabla ya mvua. Ombeni, lakini ombeni mkiwa mahali pa juu.

Basi tufanye haya:

1. Kiangazi ndicho wakati wa kazi. Juni hadi Agosti tuzibue mifereji ya avenyu zetu. Taka zisitupwe mtoni.

2. Tusijenge kwenye kingo za mto wala penye njia yake ya zamani, hata kiwanja kikiwa cha bei rahisi. Mawe makubwa mnayoyaona hapo yaliletwa na maji.

3. Mwezi wa Machi na Aprili, jioni tutazame mlima. Ukiwa mweusi na radi haziachi, familia iliyo karibu na mto ilale kwa ndugu walio juu.

4. Mkisikia mto unanguruma kama mawe yanagongana, au maji yakageuka tope ghafla, ondokeni. Mto ukipungua ghafla huku mvua inanyesha, msifurahi: huenda poromoko limeziba juu, na litafunguka. Wazee, wagonjwa na watoto watangulie. Msirudi kuchukua vyombo.

5. Baada ya mafuriko tuchemshe maji ya kunywa, maana kipindupindu hufuata maji machafu.

6. Ndugu zetu wa milimani wapande miti nasi tuwasaidie miche. Mti wao juu ni ukuta wetu chini.

Vyumba vya maombi vilivyo karibu na mito vichague mapema nani atawaamsha majirani usiku, na nani atambeba mama mzee asiyeweza kutembea. Jina la kila mmoja liandikwe kabla ya Oktoba.

Mungu aliahidi katika Mwanzo 8:22 kwamba majira hayatakoma. Mvua itarudi. Itukute tumejiandaa. Amina.