Ufa na Mpasuko: Uteuzi wa Istilahi katika Hesabu za Uvunjikaji wa Yabisi

Madhumuni ya makala hii ni kuonyesha kwamba maneno ufa na mpasuko, ambayo huelekea kutumiwa kama visawe, yafaa yatenganishwe katika maandishi ya sayansi. Tofauti iliyopo baina yake ndiyo inayozigawa njia za kukadiria kwa kompyuta jinsi yabisi zinavyovunjika.

Tuchukue mfano wa nyumba ya udongo huko Mautuma, Kakamega. Udongo uliokandikwa hukauka na kusinyaa, lakini fito huuzuia. Kwa hiyo huvutika na kupata mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila kipimo cha eneo. Mkazo ukiushinda udongo, ukuta hupasuka. Badiliko hilo la ukuta ni mpasuko. Kinachobaki, chenye urefu na ncha, ni ufa.

Mwaka 1913 Inglis alionyesha kwamba mkazo hujikusanya penye ncha. Tundu la umbo la duaradufu ambalo urefu wake ni mara 10 ya upana, likivutwa kukingama na urefu huo, huzidisha mkazo nchani mara 21. Basi ncha kali kabisa ingeleta mkazo usio na kikomo, na kitu chochote chenye ufa kingevunjika kwa nguvu ndogo mno. Griffith aliitatua shida hiyo mwaka 1921 kwa kupima nishati: ufa hurefuka pale tu nishati inayoachiliwa inapotosha kuumba nyuso mpya.

Kompyuta huigawa yabisi katika vipande vidogo vilivyounganishwa kama wavu. Njia ya kwanza huuhesabu ufa kuwa mstari. Hapo awali wavu ulilazimika kufumwa upya kila ufa uliporefuka. Mwaka 1999 Belytschko, Moës na wenzao walionyesha namna ya kuuacha ufa ukatize ndani ya vipande. Njia ya pili ilitokana na nadharia ya Francfort na Marigo ya mwaka 1998, wakaitia katika hesabu za kompyuta pamoja na Bourdin mwaka 2000. Njia hii haichori mstari. Kila nukta hupewa namba, tuseme kuanzia 0 palipo pazima hadi 1 palipovunjika kabisa. Mpasuko huweza kugawanyika au kuungana bila kuelekezwa, ila vipande hupaswa kuwa vidogo sana na hesabu huwa nyingi.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika njia ya kwanza isemwe "ufa unarefuka", na katika ya pili "mpasuko unaenea". Mfasiri akiita "ufa" nukta yenye namba 0.4, msomaji atatafuta ncha isiyokuwepo, na hesabu yote itampotea.

Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta huuchukua ufa kuwa kitu kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole na kuzibwa. Mpasuko, ambao ni nomino ya kitenzi pasuka, hubeba tendo lenyewe. Istilahi hizi basi hazihitaji kuazimwa. Zinahitaji kutumiwa kwa uangalifu.