Risasi za Magnum: Jina Kubwa Silo Nguvu Zote

Katika bara ya Kilifi na Malindi, na kando ya mto Sabaki, silaha ya kumwindia ndovu zamani ilikuwa uta. Wata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu, walivuta uta mgumu sana na kupaka mishale sumu iliyopikwa kwa mti. Mshale ulichoma, sumu ikaua. Wawindaji wa bunduki walipofika, kazi ya sumu ilifanywa na risasi, na ikawa lazima kujua risasi ipi yamfaa mnyama yupi.

Kila risasi ina sehemu nne: ganda, fataki iliyo kitakoni, baruti, na kichwa kinachoruka. Risasi ndogo ya .22 ina fataki ndani ya ukingo wa kitako. Risasi kubwa za uwindaji huwa nayo katikati. Vichwa navyo ni vya namna mbili hasa. Chenye ncha laini hupanuka kinapopiga, nacho chafaa kwa paa na kongoni. Kigumu hakipanuki, nacho ni cha ndovu na nyati, ambao mifupa yao ni minene.

Maana ya namba

Namba ya .375 ni upana wa kichwa kwa hesabu ya inchi, yaani karibu milimita 9.5. Lakini namba hiyo haisemi ganda lina urefu gani wala baruti ni kiasi gani. Kwa bunduki za marisaa hesabu hugeuka kabisa. Namba 12 maana yake ni kwamba ratili moja ya madini ya risasi hutoa vidonge 12 vyenye upana wa kasiba. Kwa hiyo namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12.

Kutoelewa jambo hili kumewavunja watu mikono na kuwapofusha macho. Risasi ya namba 20 ikitiwa katika bunduki ya namba 12 huteleza na kukwama ndani ya kasiba. Mpigaji akidhani hakutia kitu, akatia ya namba 12 nyuma yake na kufyatua, kasiba hupasuka karibu na mkono wake.

Magnum ni nini?

Neno hili ni la Kilatini, maana yake "kubwa", nalo lilikuwa jina la chupa kubwa ya mvinyo. Watengenezaji waliliazima kwa risasi yenye baruti nyingi au mwendo mkali kupita nyingine za upana wake. Kampuni ya Holland & Holland ya London ilitoa .375 Magnum mwaka 1912, na Winchester ya Marekani ikatoa .458 Magnum mwaka 1956. Kichwa cha .458 chaweza kuwa na uzito wa gramu 32, karibu mara tatu ya kile cha .303 ya askari.

Hata hivyo jina hilo ni la biashara, si kipimo. Risasi ya .416 Rigby ya mwaka 1911 haina jina la Magnum, nayo humwangusha ndovu. Kwa upande mwingine, baadhi ya .458 za awali zilishindiliwa baruti mno, ikagandamana na kuungua vibaya. Tena W. D. M. Bell, mwindaji wa Karamoja, Uganda, aliua mamia ya ndovu kwa risasi nyembamba ya milimita 7, kwa sababu alijua barabara mahali ulipo ubongo. Asiyejua humwacha mnyama amejeruhiwa, na ndovu aliyejeruhiwa ni hatari kwa kila mkulima aliye njiani mwake.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na ndovu wa msitu wa Arabuko-Sokoke sasa hulindwa. Anayevamiwa shamba na ndovu huwaarifu watu wa KWS. Lakini Sheria ya Silaha yadai cheti kwa bunduki na kwa risasi pia, hata ikiwa moja. Aonaye risasi ya zamani shambani asiigonge, asiitupe motoni, wala asiwape watoto kuichezea. Aiache hapo hapo, aweke alama, akawaarifu chifu au polisi.