Kofia ya Sauti Nzito na Mtoto Asiyesema

Ipo kofia moja ya plastiki ambayo maduka ya ng'ambo yamekuwa yakiwauzia wazazi tangu miaka ya mwanzo ya karne hii. Ni nyeusi ti, yenye umbo la kichwa cha Darth Vader, yule dhalimu wa filamu za Star Wars. Mtoto huivaa ikamfunika kichwa chote, akasema neno kwa sauti yake nyembamba, na neno hilo likatoka nje zito mithili ya ngurumo. Wapo watakaosema kwamba huo ni upuuzi wa watu wasiojua pa kutupa fedha zao. Mimi naona kwamba walimu wetu, hasa wale wanaosimamia vyama vya drama, wangefanya vyema kuitazama mara ya pili.

Siri ya kofia hiyo si kubwa. Karibu na mdomo pamefichwa kinasasauti kidogo, na upande wa nje pana spika. Sauti ya mtoto wa shule ya msingi hutetema kiasi cha mara 250 hadi 300 kwa sekunde, hali ya mwanamume mzima ni kati ya 85 na 180. Kifaa kilichomo ndani huigeuza sauti kuwa tarakimu, kikazicheza polepole kuliko zilivyoingia, na ili kisiachwe nyuma na msemaji, hukata vipande vidogo vidogo njiani. Ndiyo sababu maneno hutoka yakiwa na makwaruzo.

Niliijaribu kofia ya aina hiyo, iliyoletwa na jamaa yangu aliyekuja likizoni, mbele ya watoto wa mtaani kwetu. Kasoro zake hazikujificha. Ndani mna joto, macho huona mbele tu, na spika ikielekezwa ukutani hupiga ukelele wa kuudhi. Herufi "s" na "sh" hufanana, hata "sahau" na "shahau" zikawa kitu kimoja. Lakini alikuwapo binti mmoja ambaye kwa kawaida hujibu kwa kutikisa kichwa. Alipofikiwa na zamu yake, aliivaa, akanyamaza kidogo, kisha akatuamuru sote tukae chini. Tukakaa. Akaendelea kutoa amri kwa dakika nzima, sentensi juu ya sentensi, na wenzake waliozoea kumsemea wakabaki kumkodolea macho.

Je, ni kinyago tu kilichompa ujasiri? Hapana shaka kilichangia. Anayejificha uso haoni haya. Hata hivyo, kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa matamshi wamelijua kwa miaka mingi. Watu wengi wenye kigugumizi husema kwa ufasaha zaidi wanaposikia sauti yao wenyewe ikiwa imebadilishwa uzito, au ikiwa imechelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Wengine hupata nafuu hiyo wanaposoma kwa pamoja na wenzao, au wanapoigiza mtu mwingine. Vimetengenezwa hata vifaa vya kuvaliwa sikioni kwa ajili hiyo. Si dawa, huwafaa baadhi na kuwaacha wengine vilevile. Lakini tazama, msomaji: kofia hii ya mchezo hubadilisha uzito wa sauti, huichelewesha kidogo, na humpa mvaaji nafsi ya kuigiza, yote kwa betri chache.

Na hapa pana jambo la ajabu kuliko yote. Sauti inayoigwa na kofia hiyo ilikuwa ya mtu mwenye kigugumizi. Filamu ya kwanza ilipotoka mwaka 1977, aliyevaa mavazi ya Vader alikuwa David Prowse, Mwingereza wa Bristol aliyekuwa mnyanyuaji wa vyuma. Maneno aliyoyatamka ndani ya kinyago yaliondolewa, pakawekwa sauti ya Mmarekani James Earl Jones. Mlio wa pumzi ulitengenezwa na Ben Burtt kwa kurekodi kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi. Jones ndiye pia aliyekuwa sauti ya Mufasa, babake Simba, katika The Lion King ya mwaka 1994, filamu iliyoazima majina kutoka lugha yetu.

Alizaliwa Mississippi mwaka 1931, akalelewa na babu na nyanya yake huko Michigan, na kwa takriban miaka minane ya utoto wake karibu hakusema shuleni kwa kuogopa kuchekwa. Katika shule ya upili, mwalimu wake, Donald Crouch, aligundua kwamba kijana huyo alikuwa akiandika mashairi. Alimwambia athibitishe kwamba shairi moja lilikuwa lake mwenyewe kwa kulighani mbele ya darasa bila kusoma. Akalighani, bila kukwama. Hata hivyo kigugumizi hakikumhama; Jones mwenyewe alilisema hilo hata uzeeni.

Mwaka 2022 alikubali kampuni ya Respeecher ya Ukraine itumie kompyuta kuiunda upya sauti yake kutokana na kanda za zamani. Alifariki Septemba 2024.

Ni watoto wangapi wanaokaa kimya katika madarasa yetu? Mmoja ana kigugumizi. Mwingine alichekwa siku moja kwa matamshi yake, mwalimu naye akacheka, na tangu hapo hainui mkono. Tunawaandikia katika ripoti kwamba ni "wapole". Shule nyingi hazina mtaalamu wa matamshi, wala kofia za ng'ambo hatuzihitaji. Kinyago cha boksi, ndoo ya plastiki au kipaza sauti cha kanisa vitatosha kwa kuanzia. Mpeni mtoto huyo nafasi ya mfalme katika igizo, aisome kwa pamoja na wenzake wiki ya kwanza, aisome peke yake akiwa ndani ya kinyago wiki ya pili. Wiki ya tatu mwambieni akivue akitaka, na asipotaka, mwacheni nacho.